Kampuni Inayokulipa kwa Matangazo ya Tovuti Yako Imenunuliwa? Anzia Hapa

Babu yangu alikuwa na nyumba Majengo, Mombasa. Kuta zake, mabati yake, ila kiwanja cha watu, na kila mwezi akilipa kodi ya ardhi. Kiwanja kilipouzwa ndipo alipojua hasa alichokuwa akimiliki. Nami yalinifika yaleyale na tovuti yangu ya nyumba za kupangisha, kuanzia Kisauni hadi Likoni. Kampuni iliyokuwa ikiniletea matangazo ilinunuliwa, akaunti za zamani zikafungwa, na hesabu zangu za miezi minane zikazama nazo. Pesa nilizokuwa nikiidai nilizikumbuka kwa kichwa tu. Hebu jaribu kudai kwa kichwa.

Kwa hivyo ukisikia habari hizo, tenganisha siku ya kutangaza na siku ya kukabidhiana. Google ilitangaza kuinunua DoubleClick, kampuni ya matangazo ya mtandaoni, Aprili 2007, kwa dola bilioni 3.1, lakini shughuli ilikwisha Machi 2008, baada ya wasimamizi wa ushindani Marekani na Ulaya kuridhia. AdMob, ya matangazo ya simu, Google hiyohiyo ilitangaza kuinunua Novemba 2009, ikakabidhiwa Mei 2010. Nafasi yako ni hapo katikati. Dili ndogo, aghalabu, utazisikia zimekwisha, basi usingoje.

Toa pesa zako zilizo kwenye akaunti. Kama hujafikisha kiwango cha chini cha kulipwa, andika barua pepe uulize deni litabebwa na nani, na jibu ulihifadhi. Kisha pakua ripoti za kila mwezi, faili lenyewe, si picha ya skrini, uzilinganishe na taarifa ya benki.

Sasa lile ambalo wengi hulisahau: ads.txt. Ni faili dogo linalokaa kwenye tovuti yako, na kila mstari hutaja kampuni iliyoruhusiwa kuuza nafasi zako za matangazo pamoja na namba ya akaunti yako. Kampuni ikishauzwa, mfumo na namba huweza kubadilika, na mstari wako ukabaki wa zamani. Wanunuzi makini wa nafasi hizo wakiona hivyo hawaweki bei. Mimi nililaumu mvua za Mei, nikasema wageni wamepungua. Kumbe ni mstari mmoja! Omba mistari mipya kwa mwenye mali mpya, uibandike siku hiyohiyo.

Masharti mapya yasome sehemu mbili: asilimia yako ya pesa za matangazo, na siku za kulipwa.

Na usilewe na bei. Microsoft iliinunua aQuantive, kampuni nyingine ya matangazo, mwaka 2007 kwa zaidi ya dola bilioni 6. Ilipofika 2012 ikafuta dola bilioni 6.2 vitabuni kama hasara. Yahoo iliinunua GeoCities, jukwaa ambako watu walijitengenezea kurasa zao, 1999, na 2009 ikazifunga kurasa za watu. Hapa kwetu, biashara ya OLX Kenya, soko la mtandaoni, ilichukuliwa na Jiji mwaka 2019. Ukiwa na duka kwenye jukwaa la mtu tu, umejenga kama babu.

Kiwanja chako mtandaoni ni jina la tovuti. Angalia leo limesajiliwa kwa jina la nani na barua pepe ya nani. Langu la .co.ke lilikuwa kwa jina la kijana aliyenitengenezea tovuti. Nilimfuata Mwembe Tayari, tukanywa kahawa chungu kwa kashata, akafungua simu akaanza kunihamishia palepale kwenye benchi.