Jinsi ya kupika mboga za majani bila kupoteza virutubisho, hatua kwa hatua

Mimi napika mboga za majani karibu kila siku, na kitu kinachoniuma ni kuona mtu ana mchicha mbichi mzuri kabisa alafu anauchemsha nusu saa, anamwaga yale maji ya kijani kwenye sinki. Vitamini C na foleti (vitamini B9) zinayeyuka kwenye maji na moto wa muda mrefu unaziharibu, kwahiyo hapo sehemu kubwa ishaondoka na maji. Leo nakuelekeza ninavyofanya mimi, toka kuchambua mpaka mezani.

Hatua ya 1, kuchagua. Tafuta majani yaliyokolea kijani, iwe mchicha, spinachi, sukuma au majani ya maboga. Kijani kikikolea mara nyingi na beta karotini iko nyingi, yaani ile ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya macho na kinga, hauioni tu kwasababu kijani kimeifunika. Yaliyoanza kuwa njano au kulegea achana nayo. Na usiyaweke siku nyingi, vitamini C inapungua kila siku hata kwenye friji.

Hatua ya 2, osha KABLA ya kukata. Hapa wengi tunakosea. Ukikata kwanza alafu ukaloweka, virutubisho vinatokea pale ulipopitisha kisu vinaishia kwenye beseni. Chambua, osha jani zima maji mawili matatu mpaka mchanga uishe, kung'uta maji, ndo ukate, na ukate ukiwa tayari kupika sio asubuhi kwa ajili ya jioni.

Hatua ya 3, moto. Weka mafuta kijiko kimoja au viwili, kaanga kitunguu, ukipenda na nyanya. Mafuta usiyaogope jamani, beta karotini na vitamini K zinahitaji mafuta ndo mwili uzifyonze, mboga ya kuchemsha isiyo na mafuta kabisa mwili unaambulia kidogo. Tangulizia vikonyo vigumu dakika mbili, alafu majani, geuza geuza. Maji usiongeze, yale yaliyobaki kwenye majani yanatosha. Mchicha na spinachi dakika 3 hadi 5 zinatosha, sukuma ngumu kidogo ipe 7 hivi. Ikinyauka na bado kijani kinang'aa, epua. Na tafadhali usitie magadi ili mboga ilainike haraka, rangi itapendeza kweli lakini vitamini C inaharibika zaidi.

Kisamvu ndo hakifuati hii njia. Kina sumu ya sianidi kwa asili yake, kwahiyo kitwange vizuri kwanza na ukichemshe muda mrefu bila mfuniko, hapo usifanye haraka kabisa.

Hatua ya 4, limao. Ukishaepua kamulia limao, kabla ya hapo usitie maana asidi na moto vinageuza kijani kuwa rangi ya kaki. Kazi kubwa ya limao ni madini chuma. Gramu 100 za spinachi mbichi zina kama miligramu 2.7, na mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji kama 18 kwa siku, na chuma ya kwenye majani mwili unaifyonza kwa shida kuliko ya nyama. Vitamini C inaisaidia sana kuingia. Chai na kahawa zinafanya kinyume chake, kwahiyo subiri hata saa moja baada ya kula.

Sasa kuhusu kalisi, hili watu wengi hawaambiwi. Spinachi ina kalisi nyingi ukisoma kwenye karatasi, ila ina oksaleti, kemikali ya asili ya kwenye majani inayoishikilia isifyonzwe, unapata kama asilimia 5 tu ya hiyo kalisi. Mchicha nao una oksaleti nyingi. Sukuma ina oksaleti kidogo sana na kalisi yake inafyonzwa vizuri hata kuliko ya maziwa, kwahiyo kama unatafuta kalisi ya mifupa nenda na sukuma, na mwenye historia ya mawe ya figo yeye ndo achemshe spinachi kidogo amwage maji, kwake inafaa.

Unayepanga kupata mimba, anza kula mboga hizi mapema kwa ajili ya foleti, maana mfereji wa neva wa mtoto, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unafunga ndani ya siku 28 za kwanza tangu mimba itungwe na wengi wakati huo hawajajua kama wana mimba. Ila vidonge vya foliki asidi (foleti ya kutengenezwa) vya mikrogramu 400 kwa siku bado unavihitaji, mboga haichukui nafasi yake. Na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga anachokula, vitamini K inapunguza nguvu ya hiyo dawa, aongee na daktari wake kwanza.

Ikibaki iweke kwenye friji mapema, na kesho toa ile utakayokula tu uipashe mara moja.