Shapo ya fetre ya kuvaa mu mvua

Bandugu ba Bukavu, mvua imeshaanza kutupiga, kama unaenda soko ya Kadutu kutafuta shapo ya fetre (manyoya yenye kukandamizwa mpaka inashikamana kama kitambaa) tafazali usiangalie rangi tu. Fetre iko ya namna mbili, ya manyoya ya kondoo na ile ya manyoya ya sungura ao ya kastori (munyama wa mu maji). Ya kondoo bei iko chini lakini ikinywa maji mingi inalegea, fomu inapotea. Ya sungura njo inavumilia, manyoya yake inashikamana sana na matone inateleza juu, njo maana mimi napitaka kwanza mu chaguwa (soko ya mitumba), kule unaweza pata ya zamani yenye kushinda mupya.

Kunja ukingo pole pole kisha achilia, irudie yenyewe, ikibakia na alama ao ikilia kama karatasi basi walitia gundi mingi ile. Angalia ndani pia, mukanda yenye kugusa kichwa ikuwe ya ngozi na ya kushonwa.

Na ikilowa usiiweke pembeni ya mbabula!! Moto inaikazisha inakuwa kidogo, vuta ule mukanda inje, isimamishe juu yake, ikauke mu kivuli hata siku mbili.