Ramani ya malaria kitongoji kwa kitongoji, bila kudanganywa na idadi ndogo

Kitongoji cha watu 300 kule Nanyumbu, mkoani Mtwara, kinaweza kuongoza kwa malaria mwaka huu na kushika mkia mwakani, na mbu ni walewale. Wagonjwa watano tu wakizidi, ramani yote inageuka. Kwa hiyo kugawa wagonjwa kwa idadi ya watu hakutoshi.

Anza na rejesta ya wagonjwa wa nje ya MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), si jumla ya mwezi. Jumla huonyesha zahanati, nawe unatafuta mgonjwa anatoka wapi. Hesabu waliothibitishwa kwa kipimo pekee, kuanzia Julai hadi Juni, ili msimu wa mvua unaoanza huku Novemba au Desemba usikatwe katikati. Mwezi ambao vipimo viliisha uondoe kwa wagonjwa na kwa matarajio pia, yaani idadi ya wagonjwa inayotarajiwa, ambayo tutaihesabu hapa chini. Ukiuacha, kitongoji kitaonekana kimepona.

Halafu kuna korosho. Wakati wa kuokota, familia hulala shambani wiki kadhaa, na vimelea huchukua siku 7 hadi 14 au zaidi kabla ya homa. Aliyeumwa na mbu shambani huandikwa kwa anwani ya nyumbani. Rejesta haina dawa ya hilo: piga hesabu mara mbili, pamoja na Oktoba hadi Desemba na bila miezi hiyo, uone nani anahama nafasi.

Sasa matarajio. Idadi ya watu ichukue kwenye daftari la mtendaji wa kijiji. Umri ukikosekana, tumia mgawanyo wa halmashauri wa Sensa ya 2022. Tuseme halmashauri nzima ina wagonjwa 120 kwa kila watoto 1,000 walio chini ya miaka 5, na 40 kwa kila 1,000 wa waliobaki. Kitongoji chenye watoto 50 na wengine 250 kinatarajiwa wagonjwa 6 + 10 = 16. Chenye watoto 200 na wengine 900 kinatarajiwa 24 + 36 = 60.

Wakionekana 26 na 90, uwiano wa walioonekana kwa waliotarajiwa ni 1.63 na 1.50: kidogo kinaongoza. Hapo ndipo pa kusawazisha, yaani kuvuta uwiano kuelekea wastani, hasa wa vitongoji vidogo, kwa njia ambayo wanatakwimu David Clayton na John Kaldor waliieleza mwaka 1987 wakitumia saratani ya midomo katika wilaya 56 za Scotland. Tafuta varianzi (kipimo cha mtawanyiko) ya uwiano wa vitongoji vyote, kila kimoja kikipewa uzito wa matarajio yake. Ondoa 1 gawanya kwa wastani wa matarajio, maana hiyo ni sehemu ya bahati tupu. Varianzi ikiwa 0.125 na wastani 40, inabaki 0.125 − 0.025 = 0.1. Gawanya 1 kwa hicho kilichobaki: 10. Ongeza 10 juu (walioonekana) na chini (waliotarajiwa):

(26 + 10) ÷ (16 + 10) = 1.38
(90 + 10) ÷ (60 + 10) = 1.43

Kikubwa kimepanda juu, na ndicho cha kutangulia kupelekewa vyandarua. Kilichobaki kikiwa sifuri au hasi, usichore rangi yoyote: takwimu zako hazionyeshi tofauti.

Wengi wanakimbilia programu za kompyuta zinazoazima nguvu kwa majirani, yaani zinazorekebisha makadirio ya kitongoji kwa takwimu za vitongoji jirani. Ni nzuri, ila kando ya mto Ruvuma jirani wa kusini yuko Msumbiji na hayumo kwenye faili, hivyo makadirio ya pale usiyategemee sana.

Mwisho pima umbali hadi zahanati. Kitongoji cha rangi nyepesi (chenye uwiano mdogo) kilicho kilomita 15 porini kitembelee kwa vipimo kabla hujakiandika salama.