Taa ya betri imewaka? Pima kabla hujanunua altaneta

Taa nyekundu ya betri ikiwaka kwenye dashibodi, wa kwanza utakayemuuliza atakwambia betri imechoka. Wa pili atakwambia altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, imekufa. Huenda mmoja wao yuko sahihi, ila hakuna aliyepima. Mita ya kawaida, ile ya bei nafuu inayouzwa maduka ya umeme, inatosha kukuonyesha umeme unapotelea wapi. Mfano wangu ni Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, yaani IST, Probox, Premio na Vitz za cc 1500, maana ndizo zimejaa mitaani kwetu. Kwa gari lingine, kinachobadilika sana ni mahali pa kufikisha mkono.

Andaa mita, spana 10, 12 na 14, bisibisi ya nyota, msasa laini na mtu wa kukaa kwenye usukani.

Onyo moja kabla ya yote: usichomoe taminali ya betri injini ikiwa inanguruma ili uone kama gari litazima. Zamani, enzi za kabureta, watu walipona na mchezo huo. Siku hizi ukichomoa betri, volti za altaneta zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza kompyuta ya gari au diodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za altaneta yenyewe. Fundi akitaka kulifanyia gari lako hivyo, mwombe apumzike kidogo.

Hatua ya 1: Macho kwanza

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, usishike altaneta bado. Nenda kwenye fyuzi za ndani, utafute iliyoandikwa GAUGE au METER. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo ndiyo inayopeleka umeme wa kuiamsha altaneta, kwa hiyo ikikatika taa haiwaki na chaji haiji.

Kisha tazama mkanda. Kwenye injini hii mkanda wa altaneta ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji. Taa ya betri ikiwaka ukiwa safarini na ya joto ikafuata, simama hapohapo: mkanda umekatika, na ukiendelea utaunguza gasketi.

Hatua ya 2: Pima betri ikiwa imetulia

Gari likae limezimwa saa kadhaa, asubuhi ni bora zaidi. Weka mita kwenye DC 20 (umeme wa betri, hadi volti 20), ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imeisha chaji. Iliyoisha kabisa ipeleke kwenye chaja kwanza, maana altaneta haikutengenezwa kufufua betri.

Hatua ya 3: Washa upime tena

Injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, vichwa vya betri visome kati ya 13.8 na 14.4. Sasa washa taa kubwa na feni ya AC, mwenzako akanyage mafuta kidogo. Zikibaki juu ya 13.5, chaji ipo, na ugonjwa wako ni betri au kitu kinachonyonya umeme usiku. Zikibaki 12 na kitu huku zikishuka taratibu, chaji haifiki. Zikipita 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za altaneta, imeharibika: betri itachemka na utasikia harufu ya mayai viza. Gari hilo usilisafirie.

Kuna magari mapya yanayoshusha chaji hadi karibu 12.8 kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hasa ukiwa hujawasha kitu. Ndiyo maana lazima upime na taa zikiwa zinawaka.

Hatua ya 4: Tafuta volti zilizoliwa njiani

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa pesa. Injini ikiwaka na taa zote zikiwaka, gusa ncha moja kwenye nati ya waya mkubwa nyuma ya altaneta, ile iliyofunikwa na kofia ya mpira, na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Jihadhari na mkanda, na usiruhusu ncha iguse bodi: nati hiyo ina umeme muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Mita isizidi 0.3. Halafu pima kati ya ganda la altaneta na kichwa hasi. Hapo isizidi 0.2.

Probox moja ya kubebea mboga ilisoma 14.3 kwenye altaneta na 12.8 kwenye betri. Volti 1.5 zilikuwa zinaishia njiani. Waya kwa nje ulionekana mzima, ila karibu na kichwa chake ulikuwa wa moto kuushika. Nilipochana ganda, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha betri na anatafuta hela ya altaneta. Kilichotakiwa ni kipande cha waya mnene na kichwa kipya. Huku pwani chumvi hufanya kazi hiyo kimyakimya, hasa kwenye waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Tofauti ikiwa kubwa mno, angalia fyuzi kubwa ya ALT kwenye boksi la karibu na betri.

Hatua ya 5: Kipimo cha bisibisi

Nyaya zikiwa nzima na chaji bado haipo, zima injini, kisha fungua swichi tu. Sogeza bisibisi ya chuma kwenye nati ya puli ya altaneta. Ikivutwa kama na sumaku, umeme unaingia kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani ya altaneta. Isipovutwa, na plagi ndogo ya altaneta imekaa vizuri na ina umeme, shuku kwanza kaboni, vile vijiti vinavyogusa rota na kuipa umeme.

Hatua ya 6: Kubadilisha kaboni

Fungua hasi ya betri kabla ya kitu chochote. Legeza mkanda, toa altaneta, vua kifuniko cha nyuma, utaona kishikilia kaboni kimefungwa kwa skrubu. Kaboni mpya hutokeza takriban milimita 10. Zikibaki chini ya 5, mimi nabadilisha. Ukipata kishikilia kizima nunua hicho, kuliko kuhangaika na lehemu. Kabla ya kufunga, pima pete mbili za shaba kwenye rota: kati yake zisome takriban ohm 2 hadi 3, na kati ya pete na shafti pasiwe na mawasiliano kabisa. Pete zikiwa na mfereji mzito, kaboni mpya hazitadumu.

Rudisha kila kitu, hasi iwe ya mwisho, kisha rudia hatua ya 3. Chaji ikirudi lakini taa zinachezacheza, weka mita kwenye volti za AC (mkondo geu, si kiyoyozi) upime betri injini ikiwaka. Ikizidi 0.5, diodi imekufa, na hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kuichomoa na kuilehemu upya.