Kabla ya kukutana na mteja anayestaafu
Mshauri wa fedha anayekwenda kuzungumza na mwalimu anayekaribia kustaafu akiwa na miaka 60 asianze maandalizi kwa kupanga sifa za bidhaa anayotaka kuuza, bali aandike kwanza maswali ambayo bado hana majibu yake: mteja anadaiwa nini benki, nani bado anasomeshwa, na ni sehemu gani ya mafao itakayohitajika ndani ya mwaka mmoja.

Akitarajia kupendekeza hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani mkopo ambao mteja anaipa serikali kwa muda huo ili alipwe riba, apige hesabu mapema kwa kiasi kinachoeleweka. Kwa shilingi milioni 10 na riba ya asilimia 12 kwa mwaka, tuseme, mteja atapokea shilingi 600,000 kila baada ya miezi sita, na mtaji wake utarudi akiwa na miaka 80. Jambo hilo la mwisho wauzaji wengi hulipita haraka, ilhali ndilo mteja atakaloulizwa na mwenzake akirudi nyumbani. Kwa hiyo mshauri ajizoeze kulieleza kwa sauti, pamoja na ukweli kwamba hatifungani inaweza kuuzwa kabla ya kuiva, yaani kabla muda wake haujaisha, kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, lakini bei yake hushuka pale riba za sokoni zinapopanda.

Kamisheni yake, kama ipo, aitaje kwa shilingi kabla hajaulizwa.