Ma-MC, wahubiri na watu wa kwaya wa Kisumu, jifunzeni kunyamaza

Watu wengi wakishika maiki wanaogopa kimya, wanaona ni kama wamesahau maneno, basi wanakijaza na "eeeh" na "kwa hivyo" na "ningependa kusema", na hapo utamu wote unaisha.

Kitu ya kwanza ni mahali unanyamaza. Ukinyamaza sentensi ikishaisha na sauti imeshuka, watu wanadhani umemaliza wanatoa simu. Nyamaza katikati, sauti ikiwa bado juu, kabla tu ya lile neno wanalingoja. Sema uko kwa harambee unataka kutangaza pesa zimefika ngapi, unasema "jumla yetu leo ni shilingi..." halafu unafunga mdomo. Angalia watu, usiangalie karatasi, mikono itulie kabisa, maana ukianza kuichezesha watajua umekwama. Hesabu moja, mbili kwa roho, sekunde mbili zinatosha hata kama wewe utaziona ndefu sana. Taja hiyo pesa, kisha nyamaza tena, waache wapige makofi mpaka waishe.

Kama uko na mkalimani ongea naye mapema, maana ukinyamaza tu anarukia na Dholuo, yaani Kijaluo, na kimya chako kimeenda, so mkubaliane ukiinua mkono angoje. Na kwa matanga kama jenereta inanguruma nyuma ya tenti, fupisha, hapo hakuna kimya ya kushika mtu.

Muziki ndio uko na kazi. Kimya cha muziki kinahesabiwa, mapigo yanaendelea mwilini hata kama hakuna chombo kinalia. Chukua Hallelujah ya mtunzi Handel, ile ya 1741 ambayo kwaya nyingi zinaijua: karibu na mwisho wanarudia neno hilo moja kwa nguvu, mara kila kitu kinakatika, ndio ile ya mwisho kabisa inaingia polepole. Kinachofanya ule ukimya uume ni ile kelele imetangulia, kwa hivyo usiruhusu kwaya ipoe kabla ya kufika hapo. Mazoezini usiwaambie tu "nyamazeni", wafundishe kukata pamoja, ile "ya" ya mwisho wa Hallelujah iishie kwa mkono wako, kinanda kiachiliwe saa hiyo hiyo, alafu wavute pumzi pamoja ndani ya kimya, hiyo pumzi ndio inawaingiza. Akiingia mmoja mapema imeharibika yote, jamani waimbaji, macho kwa mkono si kwa karatasi!

Wapiga isikuti, zile ngoma za Waluhya, mkisimama laza kiganja kwa ngozi, la sivyo ile kubwa itaendelea kuvuma. Nyatiti pia, kile kinubi cha Wajaluo, zima nyuzi zote nane lakini ile pete ya kidole cha mguu iache igonge mbao peke yake, aki hapo watu wanashikwa vibaya sana, wanangoja tu uzi urudi, na wewe usiurudishe haraka.

Lakini usizidishe. Kwa hotuba ya dakika kumi, kimya kubwa mbili zinatosha, ya tatu watakuwa wameizoea.