Kuuza nyumba ya kupangisha Marekani: kodi inapigwaje

Shem wangu wa Minneapolis kanipigia usiku, kauza nyumba yake ya kupangisha na anataka kujua IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) watakata ngapi. Naandika hapa maana nimechoka kurudia kwenye voisnoti.

Hatua ya 1: tarehe. Lazima uwe umeishika zaidi ya mwaka mmoja, ndo unapata viwango vya muda mrefu, 0, 15 au 20%. Ukiuza mapema, faida inatozwa kama mshahara tu.

Hatua ya 2: gharama, yaani kile unachotoa kwenye bei ya kuuza ili upate faida. Bei ya kununua, jumlisha matengenezo makubwa kama paa jipya. Kupaka rangi usiingize.

Hatua ya 3: uchakavu, yaani kipande cha bei ya jengo unachoruhusiwa kukata kwenye mapato ya kodi ya nyumba kila mwaka. Hapa ndo tulikesha. Nyumba ya kuishi watu inahesabiwa kuchakaa kwa miaka 27.5, jengo peke yake, ardhi haichakai. Shem alinunua 2015 kwa dola 150,000, ardhi humo ni 30,000, kwa hiyo 120,000 gawa kwa 27.5, kama 4,360 kila mwaka, miaka kumi inakuja 43,600. Sasa nafungua ritani zake (fomu za kodi anazopeleka IRS kila mwaka), mstari wa uchakavu mtupu, mwaka unaofuata mtupu, mpaka mwisho, aliyekuwa anamjazia hakuugusa kabisa. Shem akaniambia basi afadhali, si sikuchukua, watanidai nini? Wanakudai shem! Sheria inahesabu uliochukua au uliostahili kuchukua, ule mkubwa ndo unapunguza gharama yako, na kipande hicho cha faida kinatozwa hadi 25%. Dawa yake ni Fomu 3115, unadai uchakavu wote uliosahaulika kwa mpigo, hata mwaka huohuo wa kuuza. Kama uliruka mwaka mmoja tu, 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani, inatosha. Hiyo 3115 usijaze mwenyewe saa sita usiku, mlipe mhasibu.

Hatua ya 4: hesabu. Mimi natumia Excel, zile kalkuleta za mtandaoni nyingi zinasahau uchakavu. Kauza 260,000, toa 16,000 za dalali na gharama za kuuza, inabaki 244,000. Toa gharama, 150,000 ukipunguza uchakavu 43,600, yaani 106,400, faida 137,600. Humo 43,600 kwa 25% ni 10,900, na 94,000 kwa 15% ni 14,100. Elfu 25 hiyo, na jimbo lake la Minnesota nao wana kodi yao. Wa Texas mnapona hapo, jimbo halitozi kodi ya mapato.

Hatua ya 5: ripoti mauzo kwenye Fomu 4797, halafu Schedule D.

Kuhusu 1031, kifungu cha kuahirisha kodi kwa kubadilisha nyumba kwa nyumba: siku 45 za kuitaja mpya, 180 za kumaliza, na hela inashikwa na mtu wa kati. Shem akauliza kama kiwanja cha Kigamboni kinafaa. Hakifai, ya Marekani inabadilishwa kwa ya Marekani, na hata hivyo hela ilishaingia akaunti yake tangu Jumanne.